Kiboko Hakikunituliza



Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Nikawa mgomvi bwenini. Nilichapwa, hakuna aliyeniuliza kulikoni. Kiboko kilininyamazisha, hakikunituliza.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihusu watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa miaka 7 hadi 13, huko Moshi na Bungoma. Nusu yao walikutana kwa majuma 12 na washauri wasio madaktari, waliofunzwa kazi hiyo. Walijifunza kutuliza pumzi, kuitaja huzuni, na kuusimulia msiba kidogo kidogo. Katika sehemu tatu kati ya nne walipata nafuu kuliko wenzao.

Ndugu zangu, kabla ya kununua kombe jipya, mfuko wetu umsomeshe mwalimu mmoja kazi hii.