Shamba Likienda kwa Motokaa, Sisi Tutakula Nini?

Hotuba iliyosomwa na Katibu Mwenezi mbele ya wanachama wa tawi. Tumeipiga chapa kwa ombi la wale waliokosa nafasi ya kuisikia.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama nje dirishani,

Tumeombwa na tawi tuseme juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana ni la watu wa mbali wenye motokaa, wala halituhusu sisi wenye majembe. Nalo ni mafuta ya kuendeshea motokaa, na siku hizi hata ndege, yanayotolewa katika mazao ya shambani: mahindi, miwa, mawese, mbono. Twaambiwa ya kwamba mafuta hayo ni safi, kwamba yatapunguza joto la dunia, na kwamba yataleta kazi na fedha vijijini. Na hivi karibuni, kama mjuavyo, wageni wamefika kijiji cha jirani mara mbili, wakiwa na mashine ya kupimia, wakiulizia ardhi ya kupanda mimea ya mafuta. Hawakufukuzwa wala hawakukubaliwa. Waliambiwa wangoje mkutano wa kijiji. Basi kabla mkutano huo haujakaa, yafaa tuelezane.

Tuanze na hesabu, maana ualimu tuliosomea haujatutoka. Kilo moja ya mahindi ikipikwa kiwandani hutoa spiriti kama lita 0.4. Tangi la motokaa ya kawaida huchukua lita 50. Kulijaza mara moja kwataka mahindi kilo 120 na ushei, yaani gunia la kilo 100 na debe moja juu yake. Nyumba inayosaga kilo 2 kwa siku ingekula mahindi hayo miezi miwili. Motokaa huyamaliza kwa siku moja, na ikitoka Dar es Salaam pengine isifike Dodoma, kwa sababu spiriti ina nguvu pungufu kuliko petroli kwa kama theluthi moja.

Mtu mmoja akijaza tangi lake hivyo, dunia haitikisiki. Lakini mwaka 2005, kisha kwa nguvu zaidi mwaka 2007, Marekani ilipitisha sheria za kuwalazimisha wauza mafuta wachanganye spiriti ya namna hii katika petroli, kiasi kikipanda mwaka hata mwaka. Tangu kama mwaka 2010, kati ya sehemu 35 na 40 kwa mia za mahindi yote ya Marekani zimekuwa zikiingia katika viwanda hivyo. Hizo ni kama tani milioni 130 kwa mwaka. Katika miaka ya 2010 Tanzania nzima, kuanzia Rukwa mpaka Tanga, ilikuwa ikivuna tani milioni 4 hadi 7 tu kwa mwaka. Haki nayo isemwe: kama theluthi moja ya uzito wa mahindi yale hutoka kiwandani ikiwa makapi, na ng'ombe wao hulishwa. Hata tukiyatoa makapi hayo, kilichobaki chatosha kumfanya mtu anyamaze.

Sasa wako watakaouliza: mahindi ni ya Wamarekani, wameyalima wenyewe, yatuhusu nini wakiyanywesha motokaa zao? Twajibu kwa habari ya Mexico. Watu wa Mexico hula chapati ya mahindi iitwayo tortilla, ambayo kwao ni kama ugali kwetu. Hupikwa kwa mahindi meupe, na mahindi meupe wao wenyewe huyalima kwa wingi. Ya njano hununua Marekani, hasa kwa kulishia mifugo. Mwishoni mwa mwaka 2006 mahindi ya njano yalipanda bei, kwa sababu viwanda vya spiriti vilikuwa vikiyagombania. Wafugaji wakubwa wakageukia meupe, na wafanyabiashara wenye maghala wakaona kuna faida katika kungoja. Januari 2007 tortilla ikawa ghali hata mtu wa mshahara mdogo hakuweza kuifikia. Tarehe 18 ya mwezi ule Rais Felipe Calderón alipatana na wenye viwanda bei isipite peso 8.50 kwa kilo. Haikutosha. Tarehe 31 watu kwa makumi ya maelfu waliandamana katika mji mkuu wa nchi ile. Hakuna aliyekuwa amegusa mahindi meupe ya Mexico ili kuyatia katika motokaa. Soko peke yake lilitosha kuwafikia.

Mwaka wa pili yake, 2008, bei ya vyakula ilipanda dunia nzima. Haiti watu walifanya ghasia mwezi wa Aprili hata Waziri Mkuu akaondolewa. Wataalamu walibishana sana juu ya asili ya balaa lile. Ulikuwapo ukame wa Australia, petroli ilikuwa imepanda, na nchi kadhaa zilifunga mipaka zisiuze mchele wao. Serikali ya Marekani ilisema ya kwamba mafuta ya mazao yamechangia sehemu 3 tu kwa mia au chini yake. Donald Mitchell, mtaalamu wa Benki ya Dunia, aliandika mwaka huohuo ya kwamba sehemu 70 hadi 75 kwa mia za kupanda kule zilitokana na mafuta hayo, pamoja na mambo yaliyofuatana nayo, kama vile maghala kupungua na watu kulangua. Hatutawaamulia wenye elimu ugomvi wao. Twakumbusha tu ya kwamba mwaka 2011 mashirika makubwa kumi ya kimataifa, Benki ya Dunia yenyewe ikiwamo, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la chakula, yalizishauri nchi tajiri ziondoe sheria na ruzuku zinazosukuma chakula kuingia katika matangi. Wakubwa wakasikiliza, wakashukuru, wakaenda zao. Marekani iliacha nafuu ya kodi mwisho wa mwaka ule. Sheria ya kulazimisha kuchanganya ilibaki.

Akina mama hawahitaji Mexico ili waelewe. Mwaka 2022 bei ya mafuta ya kupikia ilipanda hata mkaanga maandazi akapunguza ukubwa wa andazi. Nchi yetu wakati ule ilikuwa ikinunua nje zaidi ya nusu ya mafuta ya kula, na mengi yalikuwa mawese ya Malaysia na Indonesia. Vita vya Ukraine vilivyozidi mwezi wa Februari vilikata mafuta ya alizeti, hilo kila mtu alilisikia redioni. Lisilosikika sana ni kwamba Indonesia, tangu mwaka 2020, ilikuwa imeamuru dizeli yake yote itiwe sehemu 30 kwa mia za mafuta yatokanayo na mawese. Watu wake wenyewe walipanga foleni kutafuta mafuta ya kukaangia, na kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei 2022 serikali yao ilizuia mawese yasitoke nje. Tangu hapo amri imeongezwa: mwaka 2025 imefika sehemu 40 kwa mia. Sasa kikaango cha mama ntilie wa Kariakoo chashindana na lori la Jakarta, na lori lina sheria nyuma yake.

Huo ni mlango mmoja wa njaa, mlango wa bei. Mlango wa pili ni wa ardhi, na huo tumeuona hapa kwetu.

Mnaujua mbono kaburi. Wazee waliupanda kwenye nyua na makaburini, kwa sababu mbegu yake ni sumu na hata mbuzi hauli. Kati ya mwaka 2005 na 2009 walikuja watu wa Ulaya wakisema ya kwamba mti huu ni dhahabu: hauhitaji maji, hauhitaji mbolea, humea katika ardhi isiyofaa kitu, wala haunyang'anyi mtu chakula, maana hauliwi. Kampuni ya Kiingereza iitwayo Sun Biofuels ilipewa hekta zaidi ya 8,000 wilayani Kisarawe, katika ardhi iliyotoka vijiji 11, kwa miaka 99. Watu waliahidiwa kazi, visima, zahanati, na shule. Kazi walipata kwa muda, hatuwezi kuficha. Lakini mwaka 2011 shughuli zilisimama, wafanyakazi kwa mamia wakaachishwa, na kampuni ikauzwa kwa wengine. Kilwa mambo yalikuwa yametangulia: kampuni ya Kiholanzi, BioShape, ilipata hekta kama 34,000 za vijiji vinne, ikapanda kipande kidogo tu, ikakata miti ya thamani, kisha ikafilisika.

Ikawaje mbono ukashindwa? Kwa sababu mti ukipandwa penye ardhi duni huishi, lakini kuishi si kuzaa. Ukitaka mbegu nyingi lazima uupe ardhi nzuri na maji, yaani palepale ambapo ungepanda mahindi na muhogo. Na ile ardhi iliyoitwa haifai kitu, muulizeni mwenyeji wake. Ndiko alikokuwa akiokota kuni, akichoma mkaa, akichimba dawa, akichota maji wakati wa kiangazi, na ndiko mwanawe angefyeka shamba atakapooa. Katika ramani ya mgeni pori halina mtu. Mwenye njaa ya mwezi wa Februari ajua lina nini.

Jambo chungu kuliko yote latoka katika sheria. Kampuni ilipokufa, ardhi haikurudi kijijini. Ardhi ya kijiji haiwezi kupewa mwekezaji wa kigeni mpaka kwanza igeuzwe kuwa ardhi ya jumla, na ikishageuzwa, kijiji hakina tena mamlaka juu yake. Kampuni ikifa, hati huenda kwa mwingine, au hurudi serikalini. Mwanakijiji abaki amesimama mpakani akitazama majani yakiota mahali alipolima babu yake.

Oktoba 2009 serikali ilisimamisha kugawa ardhi mpya kwa shughuli hizi, na mwaka uliofuata ikatoa mwongozo. Upepo ukatulia. Kwa nini basi wageni wamerudi? Kwa sababu ya ndege. Nchi za Umoja wa Ulaya zimetunga sheria ya kwamba kuanzia mwaka 2025 mafuta ya ndege katika viwanja vyao yawe na sehemu 2 kwa mia za mafuta yasiyotoka kisimani, na mwaka 2030 ziwe sehemu 6, hata kufika 70 mwaka 2050. Wenye kuitunga walikumbuka makelele ya mwaka 2008, wakaandika ya kwamba mafuta ya mazao ya chakula hayatahesabiwa. Twawashukuru kwa kukumbuka. Lakini tazameni matokeo yake: mgeni akija sasa atatuambia kwa fahari ya kwamba mmea wake hauliwi, kama kwamba hiyo ni dawa. Mbono wa Kisarawe nao haukuliwa na mtu. Kilichokuwa kikiliwa ni shamba lililokuwa chini yake, na sheria ile ya Ulaya haijui shamba la mtu hapa kwetu liko wapi.

Wako watakaosema ya kwamba Chama chapinga maendeleo. Ndugu zangu, hatuna ugomvi na mti. Wanawake wa mkoa wa Arusha wamechemsha sabuni kwa mafuta ya mbono uliopandwa kuwa ua wa shamba, mahindi yakiwa ndani ya ua. Mkulima akipanda mstari mpakani mwake, akauza mbegu mwaka huu na mwakani akaacha, shamba bado ni lake. Tena bei ya mahindi ikipanda, yuko atakayefaidi: mwenye ziada ya kuuza. Humu ukumbini, wenye ziada mwezi wa Februari na wainue mikono. (Waliinua watatu.) Sisi wengine ni wakulima tunaonunua chakula, na tukipoteza shamba tutakuwa wanunuzi mwaka mzima.

Basi twende kwenye mkutano tukijua sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, yasema ya kwamba ardhi isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhamishwa, Mkutano wa Kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Ikizidi hekta 250, neno la mwisho ni la Waziri, na mkutano hutoa maoni tu. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ya kumtaka mgeni ni ya hekta, na aiandike. Akisema 240 sasa na nyingine baadaye, tuulize hizo za baadaye ni ngapi. Tuulize kama anataka ardhi au anataka mbegu, maana mbegu twaweza kumlimia sisi wenyewe bila kumpa hata pembe moja. Akitaka ardhi, aeleze ni nani atakayeirithi siku kampuni yake itakapokufa. Ahadi ya kisima na zahanati iandikwe pamoja na tarehe yake, na muhtasari usomwe mbele ya watu kabla mtu hajatia sahihi. Wala asiwepo wa kuhesabu mahudhurio ya mkutano kwa majina ya waliokwenda mjini.

Vijana msiseme haya ni ya wazee. Hiyo miaka 99 ni yenu.

Nakala mbili za sheria ile ziko kwa katibu wa tawi, kwa lugha ya Kiswahili, na kila jioni baada ya saa kumi na moja tutakuwa hapa kuwasomea wasiojua kusoma. Kilichopungua ni ramani ya mipaka ya kijiji. Tumeandikia wilaya barua mbili kuiomba, na jibu halijaja. Mwenyekiti ametaka watu wanne wa kwenda kuifuata wenyewe siku ya Alhamisi, na hadi sasa wamejitokeza wawili.