Ubani si Fidia



Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya ajali, na hasa habari ya mambo yanayofuata baada ya ajali. Husemwa kwamba ajali haina kinga, na maneno hayo ni kweli. Lakini wengi wetu tukiisha kuyasema maneno hayo huona kwamba yote yamekwisha: aliyekufa azikwe, aliyevunjika auguzwe, na kila mtu arudi kwake. Sheria ya nchi haisemi hivyo. Sheria husema kwamba ajali ikiwa haina kinga, fidia inayo. Ila fidia hiyo humfikia yule aijuaye na aitafutaye kabla muda wake haujapita.

Nimechagua kuzungumza habari za Kibaha na Kisarawe kwa sababu wilaya hizi mbili zinaonyesha jambo hili waziwazi. Mtu atokaye Dar es Salaam kwa njia ya Morogoro hufika Kibaha baada ya kilometa 40 hivi. Njia hiyo ndiyo mlango wa bara. Mizigo ya bandari iendayo Zambia, Rwanda na Kongo hupita hapo usiku na mchana, na kando yake pamejengwa viwanda vingi. Kando ya njia hiyohiyo iko Hospitali ya Tumbi, ambayo kwa miaka mingi imepokea majeruhi wa barabarani. Kisarawe nako kuna vilima vya Pugu, udongo mweupe wa kaolini, mihogo na mikorosho, na magari yashukayo kutoka Maneromango yakichukua mazao kwenda mjini. Kazi na barabara zimekaa pamoja katika wilaya hizi, na kwa hiyo ajali za kazi na ajali za barabarani mara nyingi ni ajali moja.

Nitatoa mfano. Habari hii si ya mtu fulani ajulikanaye, lakini nadhani wasikilizaji wa Kisarawe watasema wamepata kuona kama huo. Lori limepakia mihogo, linateremka kilimani, breki zinashindwa. Dereva anavunjika mguu. Utingo, kijana mwenye mke na watoto wawili, anakufa palepale. Mama mmoja aliyekuwa akipita kando ya njia na ndoo yake kichwani anaumizwa kiuno. Tena kijana mwenye pikipiki yake mwenyewe, achukuaye abiria kwa ujira, anagongwa na kupoteza vidole vya mkono.

Siku ya pili mwenye lori anafika msibani. Ameleta sanda, magunia mawili ya mchele, na bahasha yenye fedha za ubani. Anaketi mkekani, analia pamoja na wafiwa, naye analia kweli, wala si kwa hila. Wazee wanamshukuru, na mmoja wao anasema, "Mwenzetu amefanya uungwana. Jambo hili na liishe hapa."

Basi hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Alilofanya mwenye lori ni jema, na desturi yetu yatupasa kuishika. Lakini ubani si fidia. Ubani ni huruma ya mtu, naye akipenda hutoa, asipopenda hatoi. Fidia ni haki, haitegemei moyo wa mtu kuwa mwepesi au mzito. Kupokea ubani hakukuondolei haki yako, maadamu hukutia sahihi wala dole gumba katika karatasi isemayo kwamba umelipwa yote na hudai tena. Karatasi ya namna hiyo usiitie alama siku ya msiba. Mwambie aliyeileta airudishe baada ya arobaini, nawe uwe umekwisha kuisoma au kusomewa na mtu usiyemwonea shaka.

Sasa tuwatazame watu wetu wanne, mmoja mmoja, maana ajali ni moja, lakini milango ya haki si mmoja.

Dereva na utingo walikuwa kazini. Haki yao imo katika Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Sheria ya kwanza ya namna hii ilitungwa katika nchi hii zama za Waingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa sheria hiyo mwajiri mwenyewe ndiye aliyemlipa mfanyakazi aliyeumia, na viwango vya malipo vikakaa miaka mingi mpaka thamani ya fedha ikapungua na malipo yakawa si kitu. Mwajiri akifilisika au akitoroka, mfanyakazi alibaki na jeraha lake. Mwaka 2008 Bunge likatunga sheria mpya, Namba 20 ya mwaka huo, nayo ikaanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa Tanzania Bara. Mfuko huo ulianza kazi mwaka 2015. Tangu hapo waajiri wote huchanga, na Mfuko ndio hulipa.

Haba na haba hujaza kibaba. Hapo kwanza mwajiri wa kampuni za watu binafsi alichanga asilimia moja ya mishahara yote anayolipa. Mwaka 2021 kiasi hicho kikapunguzwa, na mwaka 2022 kikapunguzwa tena hata kufikia nusu ya asilimia, sawa na kile cha Serikali. Maana yake ni kwamba kwa kila shilingi 200,000 za mshahara mwajiri hutoa shilingi 1,000. Nazo hutoka katika mfuko wa mwajiri. Mwajiri akatae fedha hizo katika mshahara wa mfanyakazi wake anavunja sheria.

Neno lililo kubwa katika sheria hii ni kwamba mfanyakazi hatakiwi kuonyesha kosa la mwajiri. Haulizwi, "Nani aliyekosa?" Huulizwa, "Je, uliumia kwa ajili ya kazi na katika kazi?" Breki zikiwa mbovu au zikiwa nzima, dereva wetu atatibiwa kwa gharama ya Mfuko, na wakati asipoweza kufanya kazi atapata asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Kama alikuwa akipata shilingi 300,000 kwa mwezi, atapata 210,000. Akibaki na ulemavu wa kudumu, madaktari watapima kiasi chake: ukiwa hauzidi asilimia 30 hulipwa mara moja, ukizidi, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Hata hivyo mtu asidhani kwamba sheria inamlinda katika kila upuuzi. Kosa kubwa la makusudi, kama vile kuendesha hali umelewa, laweza kumharibia mtu haki yake.

Na utingo? Watu watasema, "Huyu hakuwa na barua ya kazi, alikuwa kibarua tu, alilipwa kwa safari." Jibu la sheria ni kwamba mkataba wa kazi waweza kuwa wa maandishi au wa mdomo. Aliyeajiriwa kwa maneno ameajiriwa vilevile. Mfuko hutoa gharama za mazishi, na pensheni kwa mjane na watoto. Kwa hiyo mjane wa utingo asikubali kuambiwa kwamba mumewe hakuwa mfanyakazi. Atafute watu waliomwona kazini, na kumbukumbu yoyote ya malipo, hata ikiwa ni ujumbe wa fedha uliomo katika simu ya marehemu. Simu hiyo asiiuze, wala asiwape watoto waichezee.

Sasa tuje kwa mama mpita njia. Yeye hakuwa kazini kwa mwenye lori, na Mfuko haumhusu. Mlango wake ni Sheria ya Bima ya Magari, ambayo asili yake pia ni sheria ya zama za Waingereza. Sheria hii humkataza mtu kutembeza motokaa barabarani bila bima ya kuwalipa watu wengine watakaoumizwa nayo. Lakini hapa swali la kosa linarudi. Mama huyu hana budi kuonyesha kwamba dereva alikuwa mzembe, au kwamba mwenye lori aliacha breki bila kutengenezwa. Tena mwenye gari hujibu kwa uzembe wa dereva wake akiwa katika kazi yake, hata kama yeye mwenyewe alikuwa amelala nyumbani Mlandizi. Hukumu ikiisha kutolewa, bima ndiyo itakayolipa, mradi ilipewa habari mapema kwamba madai yanaletwa mahakamani.

Kijana wa pikipiki naye yamfaa asikie jambo ambalo wengi hawalijui. Yeye anafanya kazi yake mwenyewe, hana mwajiri, kwa hiyo Mfuko haumlipi. Kama lori ndilo lenye kosa, atadai kwa bima ya lori, kama yule mama. Lakini kama kosa ni lake, bima ndogo aliyokata, ile iitwayo ya mtu wa tatu, itawalipa wale aliowaumiza yeye. Vidole vyake mwenyewe haitavilipa. Wengi hulipa bima hii kila mwaka wakidhani kwamba wamejikinga, kumbe wamewakinga wenzao. Kufanya hivyo ni wajibu na ni wema, lakini mtu ajue alichonunua.

Yako makosa matatu yawapotezayo watu haki zao, nami nitayataja kwa ufupi.

La kwanza ni kudhani kwamba kesi ya polisi ndiyo kesi ya fidia. Dereva akishtakiwa na kutozwa faini, faini hiyo huenda Serikalini. Haiingii katika mkono wa majeruhi hata senti moja. Mama wetu akirudi kutoka mahakamani akasema, "Haki imetendeka, dereva ametozwa," na akaketi, basi hukumu ile aliyoisikia haikumpa kitu. Ni ushahidi mzuri wa kumsaidia katika madai yake, lakini madai hana budi kuyafungua mwenyewe.

La pili ni kupoteza karatasi. Ile hati ya polisi iitwayo PF3, vyeti vya hospitali, risiti za dawa, namba ya lori, jina la kampuni ya bima, majina ya walioshuhudia: hivi vyote ni fedha kwa sura nyingine. Siku hizi bima za magari zimeandikwa katika mitambo ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na mtu aliye na namba ya gari aweza kuhakikisha kama bima yake ni ya kweli. Kwa aliyefiwa, cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi itokayo Mahakama ya Mwanzo ni funguo za kwanza.

La tatu, nalo ndilo baya kuliko yote, ni kukawia. Ajali ya kazi mwajiri hana budi kuipeleka habari yake kwa Mfuko ndani ya siku 7 tangu aijue, na madai yasipite miezi 12. Madai ya uzembe barabarani yana muda wa miaka mitatu. Miaka mitatu yaonekana mingi, lakini mtu anayeuguza kiuno hupoteza mwaka wa kwanza katika kutafuta dawa, na wa pili katika kungoja ahadi. Mwenye gari husema, "Ngoja mwezi ujao," na mwezi ujao husema vivyo hivyo. Kalenda haimngoji mtu mpole. Na kama kampuni ya bima yenyewe ndiyo inayokuzungusha, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa kwa sheria ili watu wasilazimike kwenda mahakamani kwa kila neno.

Kwenu waajiri, wenye viwanda na wenye malori, nina neno moja. Msione kwamba nimekuja kuwachochea watu juu yenu. Mwajiri aliyejiandikisha na kuchanga hulala usingizi, kwa maana mtu wake akiumia mzigo huchukuliwa na waajiri wote pamoja. Asiyejiandikisha ana kosa la jinai, tena amewaweka watu wake mahali pa hatari. Na mchango wa nusu ya asilimia ni nafuu kuliko magunia ya mchele ya misiba miwili.

Nanyi wazee mnaoketi katika misiba, kwenu ndiko ninakokomea. Ninyi ndio mnaosema "na liishe hapa," na maneno yenu huzuia wengi. Nawaombeni mgeuze kidogo. Mshukuruni aliyeleta sanda, mleni mchele wake, mwombeeni. Kisha mmoja wenu amwulize kwa upole, mbele ya watu, mambo mawili tu: "Bwana, bima ya gari ni ya kampuni gani? Na habari ya kifo hiki umekwisha kuipeleka kwa Mfuko?" Maswali haya hayavunji uungwana. Mjane yule wa utingo, aliyejifunika kanga ndani ya nyumba, hawezi kuyauliza siku ile. Watoto wake wawili watahitaji madaftari miaka kumi tangu leo, wakati mchele umekwisha kusahauliwa. Ulizeni kwa niaba yao.

Kwa herini, wasikilizaji wangu, na Mungu awaepushe na ajali.