Viumbe Wanaolala Kiangazi Kizima

Wasikilizaji wetu, leo twataka kusema juu ya viumbe ambao wengi wenu mmewatupa kando ya shamba mkidhani wamekufa.

Katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa mvua zina msimu mmoja tu. Huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei, na baada ya hapo nchi hukauka mpaka mwaka uko karibu kwisha. Mwezi wa Oktoba, mkulima atifuapo shamba la bondeni, jembe huweza kuibua bonge la udongo lenye kitu ndani yake kama mfuko mkavu. Akiupasua humkuta chura mkubwa, macho yamefumbwa, miguu imekunjwa chini ya tumbo, wala pumzi yake haionekani. Mahali pengine, chini ya majani makavu, hulala konokono mkubwa, na mlango wa nyumba yake umezibwa kwa utando mweupe mgumu. Wote wawili wako hai.

Konokono utando ule ameufanya mwenyewe kwa ute uliochanganyika na chokaa, ili maji ya mwili yasitoke. (Huyu hatumtetei sana, kwa maana hula mimea michanga.) Kazi ya chura ni ya ajabu zaidi. Kabla nchi haijakauka hujaza maji katika kibofu chake, kisha hujichimbia kinyumenyume kwa miguu ya nyuma. Humo chini ngozi yake hubanduka tabaka baada ya tabaka, lakini haianguki. Hushikamana hata ikawa kanzu kavu, imemfunika mwili wote isipokuwa tundu za pua. Kibofu ndicho mtungi wake. Maji yale hurudi mwilini kidogo kidogo kwa miezi yote ya ukame.

Lakini maji peke yake hayatoshi. Mwili ulio hai ni kama jiko, haukosi kutaka kuni. Asiye na chakula kwa miezi sita afanyeje? Hupunguza moto. Moyo hupiga polepole, pumzi huwa chache, na mafuta yaliyowekwa wakati wa mvua huliwa kwa kipimo. Bingwa wa jambo hili ni kamongo, samaki mwenye mapafu wa Ziwa Viktoria. Mtaalamu wa Marekani, Bwana Homer Smith, alimchunguza sana, hata kitabu alichokitoa mwaka 1932 akakipa jina la samaki huyo. Kamongo akizibwa katika udongo mkavu hula nyama ya mwili wake mwenyewe, na uchafu ambao majini angeutoa kama sumu ya amonia huugeuza kuwa yurea, isiyomdhuru akiwa nayo mwilini muda mrefu.

Katika Ulaya adui ni baridi. Huko yuko kalunguyeye, ambaye damu yake ni ya moto kama yetu, na moto huo hudumu kwa chakula. Theluji iangukapo wadudu hutoweka. Basi kalunguyeye huuacha mwili upoe, kutoka digrii 35 hivi hata chini ya 10, akalala mpaka majira ya joto yakaribie. Yuko na kindi wa ardhini katika Alaska ambaye mwaka 1989 ilitangazwa kuwa mwili wake hushuka karibu digrii 3 chini ya kiwango cha maji kuganda, na damu yake haigandi.

Kwa muda mrefu watu walidhani usingizi huo wa wenye damu moto ni wa nchi za baridi. Lakini mwaka 2004 wataalamu kutoka Ujerumani walitangaza habari za mnyama mdogo wa jamaa ya komba katika kisiwa cha Bukini, kiitwacho siku hizi Madagaska, ng'ambo ya bahari yetu. Huyo hulala miezi saba katika tundu la mti, katika nchi ya joto, akila mafuta ya mkia wake. Ukuta wa tundu ukiwa mwembamba, mwili wake hupanda na kushuka pamoja na jua, pengine kwa digrii 20 katika siku moja. Kumbe kinacholaza ni njaa na ukame, si baridi tu.

Hatari kubwa kwa walalao ni kuamshwa. Wale wa nchi za baridi huamka wenyewe kila baada ya siku kadhaa au majuma, wakajipasha moto, wakalala tena. Na saa hizo chache hula sehemu kubwa ya akiba yao yote. Na chura wetu? Akishikwa humwaga maji ya kibofu. Wengi husema amewakojolea, wakacheka, wakamtupa juani. Maji yale yalikuwa ya kumfikisha Desemba.

Ukimfukua, basi, usiipasue kanzu yake wala usimkamue. Mrudishe na bonge lake mahali penye kivuli, umfunike kwa udongo. Mvua ya kwanza ikilowesha ardhi, kanzu hulainika; huivua kwa miguu, akaila, ndicho chakula chake cha kwanza. Usiku huo huo mtamsikia kwenye dimbwi.