Sindano ya Kukata Hamu ya Kula

Mmesikia kwenye taarifa ya habari kuhusu sindano za kupunguza hamu ya kula. Mojawapo, semaglutaidi, huiga homoni ambayo utumbo hutoa baada ya mlo: ubongo huhisi shibe mapema, na chakula hukawia tumboni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, waliodungwa kila wiki walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao ndani ya wiki 68. Si mchezo. Ila ukiacha dawa, sehemu kubwa ya kilo hurudi.

Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiweka semaglutaidi kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa watu wazima wenye kisukari cha aina ya pili ambao ni wanene kupindukia na wana maradhi ya moyo au figo. Si ya kutafutia kiuno cha harusi.

Sasa njooni kwetu Buwenge, Uganda. Kalamu ya sindano hiyo kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na umeme wetu mnaujua. Tena Afrika Mashariki wapo wanaotafuta kinyume chake: wanameza siproheptadini, dawa ya mzio, ili wale sana wanenepe, eti wembamba ni ugonjwa. Hao nao wanajidhuru.

Mwenye kisukari na uzito mkubwa aanze kwa daktari, kituo cha afya au hospitali ya rufaa pale Jinja. Ukiuziwa sindano hiyo mkononi, usinunue: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu semaglutaidi bandia.