Makaburi saba ya Tervuren, na kaye yetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Lubumbashi. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.



Komite iliniomba nieleze safari ya Ubelgiji. Juu ya mikutano sitasema mingi. Tulikaa siku tatu mu chumba kimoja kule Brussels, tukahesabu mabati, mashini ya kusaga na minervali ya watoto. Ripoti iko ku biro, kila mwanachama ana haki ya kuisoma. Leo nitasema zaidi juu ya mchana mmoja niliopitisha mu kijiji cha Tervuren, kwa sababu nilitoka kule na neno ambalo linatuhusu sisi, watu waliokimbia na kurudi.

Ukiwa Brussels unapanda tramu ya 44 pale Montgomery. Inapita kwanza mbele ya nyumba kubwa za matajiri, kisha inaingia mu pori. Pori kweli, miti mirefu pande mbili. Mwisho wa reli ndipo Tervuren. Watu wa pale wanasema Kiflama. Kuna bustani pana yenye mabwawa na bata, kuna wazee wanaotembeza mbwa wao, kuna baiskeli, na katikati kanisa la zamani la mawe, la Mtakatifu Yohane Mwinjili. Kimya. Mtu aliyezoea Katuba au komini ya Kenya siku ya posho, akifika pale anaweza kuuliza ni nani amekufa, juu hakuna hata redio moja inayolia.

Kando ya ukuta wa kanisa lile kuna mawe saba ya kaburi, moja kando ya lingine. Ni ya Wakongo. Vitabu vingi vinawaandika hivi: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Vingine vinaandika Ngemba, Mpemba, Nzau, Sambo. Mnaona shida ilipo. Watu saba tu, wamezikwa mu inchi yenye karatasi na makarani wengi, na bado majina yao hayakubaliani toka kitabu kimoja mpaka kingine. Nadhani aliyeyaandika mara ya kwanza aliandika vile sikio lake lilisikia, na hakukuwa ndugu kando yake wa kumuambia: hapana bwana, si vile.

Walifikaje pale? Mwaka wa 1897 mfalme Leopold wa Pili alifanya maonyesho makubwa Brussels, na upande wa Kongo aliuweka Tervuren. Walileta Wakongo 267, wanaume, wanawake na watoto. Waliwajengea vijiji mu bustani, karibu na mabwawa, wakaambiwa wakae vile wanakaa kwao, wapige ngoma, wapige kasia, na Wazungu waangalie. Watu zaidi ya milioni moja walipita. Wageni walikuwa wanawatupia vyakula na bonbon mpaka wengine wakaugua tumbo, na wenye maonyesho wakasimika kibao cha kusema kwamba watu hawa wanalishwa na komite. Kibao cha namna ile nyinyi wote mnajua kinawekwa mbele ya nani. Ni mbele ya wanyama.

Mwaka ule hali ya hewa ilikuwa mbaya, mvua na baridi. Saba walikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Hawakuletwa kando ya kanisa siku ile. Walitiwa ku kona ya malalo, mahali penye kanisa lilikuwa linaweka wale liliowakataa, kama watu waliojiua. Ni mu mwaka wa 1953, miaka 56 kisha, ndipo walihamishwa na kuletwa pale walipo leo.

Nilipokuwa nimesimama pale sikufikiri sana juu ya mfalme. Nilifikiri juu ya wale wengine waliopanda meli wakarudi Kongo. Wale nao ni watu wenye kurudi, sawa na sisi. Walipaswa kufika kwao na habari ya lufu saba, na kutafuta familia saba mu inchi kubwa vile, na kuulizwa: alilala wapi? Nani alimuosha? Mulimufunika na nini? Wengi wenu hapa mnajua yale maulizo. Mliulizwa mu mwaka wa 2007, wa 2008, wa 2009, mliposhuka Moba toka Mpulungu, ao mliposhuka ku lori mu Pweto.

Toka kanisani unapita bustani kwa mguu, unafika ku muze ya Afrika. Jengo lile lilifunguliwa mwaka wa 1910. Ndani yake kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1508 waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Mmoja mmoja, jina na jina. Wakongo waliokufa miaka ile ile mu kazi ya mpira na mu kubeba mizigo hawana ukuta. Freddy Tsimba, fundi wa sanamu wa Kinshasa, alifanya kazi moja pale: majina ya wale saba yako juu ya vioo vya madirisha yanayotazama ule ukuta. Jua likiwaka, kivuli cha majina kinaangukia majina ya Wabelgiji. Mawingu yakija, kivuli kinaondoka. Siku yangu jua lilikuwa linacheza, linakuja linapotea, na mimi nikabaki nimesimama kama mtu anayengoja basi. Ni kazi nzuri sana. Lakini mniruhusu niseme wazi: kwangu mimi yale mawe ya kanisani yanapita. Kivuli kinamfundisha mgeni. Mama anayetafuta mtoto wake, yeye anataka mahali pa kuweka mkono.

Wenye kutoka Moba, hasa Batabwa, hamuhitaji mimi niwaeleze Lusinga ni nani. Lakini vijana waliozaliwa Zambia wasikie. Mwafisa mumoja Mubelgiji, Émile Storms, alijenga posta Mpala, ku ukingo wa ziwa Tanganyika, mu mwaka wa 1883. Mwezi wa 12 wa mwaka wa 1884 watu wake walishambulia kijiji cha mwami Lusinga, wakamuua, wakamukata kichwa. Fuvu la kichwa lilipelekwa Ubelgiji. Lilifika mu muze ya Tervuren, na mwaka wa 1964 likahamishwa ku taasisi ya sayansi ya viumbe kule Brussels. Kwa hiyo huyu jina lake linajulikana, mwaka wake unajulikana, aliyemuua anajulikana, na kichwa kiliwekwa mu kabati yenye namba.

Na nani hapa hakuona jeneza la Lumumba mwezi wa 6 mwaka wa 2022? Lilipita hapa Lubumbashi, likapelekwa mpaka Shilatembo, kule walipomuua tarehe 17 Januari 1961. Ndani ya jeneza mlikuwa jino moja. Mwili mwingine wote waliuyeyusha mu asidi ili pasiwe na kaburi. Miaka 61 familia ilingoja, na ilipopewa jino, ililizika kama mtu muzima, Kinshasa, tarehe 30. Hakuna aliyecheka kwamba ni jino tu.

Sasa nifike kwetu.

Wengi wetu tulivuka mpaka kati ya 1998 na mwisho wa 2000, wakati vita vilifika Moba na kisha Pweto. Zambia ilitupokea. Wengine walipelekwa Mwange, upande wa Mporokoso, wengine Kala, upande wa Kawambwa. Watu walioa kule, walizaa kule, watoto walisoma kule. Na watu walikufa kule, kwa malaria, kwa kuzaa, kwa uzee, wengine kwa huzuni tu, vile wazee wanavyosema. Kisha tulirudi, na kambi zile mbili zilifungwa. Makaburi hatukuweza kuyafunga mu mizigo.

Wiki mbili kisha kurudi toka Ubelgiji, nilizunguka ku manyumba ya wanachama, Ruashi, Kampemba, na kule Kasungami. Nilikuwa nimetumwa kwa ajili ya lisiti ya watoto wa shule, lakini niliuliza pia ulizo moja: mu jamaa yenu, nani alibaki Zambia mu udongo? Hakuna nyumba hata moja iliyonijibu “hakuna mutu.” Mama mmoja aliniambia hivi: “Siku bwana yangu alikufa, jina yake balifuta ku karti ya unga. Njo karatasi ya pekee yenye ilionyesha kama alikufa. Na ile karti bilikamata siku ya kurudia.” Baba mwingine alisema msalaba alioweka ulikuwa wa mti, na mchwa haungoji. Alimzika mtoto wa miaka minne. Anajua bado idadi ya hatua toka ku njia.

Hatua zile ziko mu kichwa chake tu. Yeye ana miaka 70 na zaidi. Akienda, zinaenda naye.

Ndiyo maana naomba mkutano ukubali kaye. Kaye moja nene, ya jalada gumu, tena na kopi yake itakayowekwa mbali na ile ya kwanza. Kwa kila aliyefariki tuandike jina vile familia inavyolitamka, na jina la baba na la mama; kijiji cha asili; kambi, na seksheni ya kambi; mwaka, na mwezi kama unajulikana; nani waliozika. Na yule anayetoa habari asomewe kabla ya kuondoka, juu kule Tervuren nimeona kinachotokea kama hakuna ndugu wa kusahihisha karani.

Wengine wameshanijibu, tena kwa nguvu. Mu mkutano wa kartie mwanachama mmoja alisema: “Mufu hakulake bukari. Falanga zetu ni za dawa na za kilio.” Ana haki ya kusema. Kasha letu ni dogo, na mwaka huu lilitoa kwa wagonjwa kuliko lilivyopokea. Lakini sijaomba kulitoboa. Kaye mbili na kalamu, komite inaweza kuzilipa bila kumnyima mtu hata kidonge kimoja. Kazi yenyewe ni kukaa na wazee na kusikiliza, na ile tutaifanya kwa kujitolea, vijana waliosoma wakiwa makarani.

Tena yule ndugu anasahau kitu. Wajane na mayatima wetu wanasumbuliwa leo, si kesho. Baba alikufa Kala, shamba lake liko Pweto, baba mdogo wa watoto anasema: nani alisema ndugu yangu amekufa? Pengine yuko Lusaka. Hakuna akti ya lufu, hakuna kitu. Kaye yetu si akti, na eta sivil haitaikubali kama akti, tusidanganyane. Lakini mjane akienda mbele ya mkubwa wa kijiji ao mbele ya hakimu na jina, na mwaka, na majina ya watu watatu waliozika, tena wako wazima na wanaweza kuitwa, si sawa na yule anayeenda na machozi peke yake.

Kwa rafiki zetu wa mbali, wanaotoa falanga: kule Brussels mmoja wenu aliniuliza kama jambo hili linaweza kuingia mu mradi wa mwaka ujao. Nilimshukuru, na ninamshukuru tena hapa. Nilimwambia kaye hapana, ile ni kazi ya nyumba, mtu halipi mgeni ili amwandikie majina ya wafu wake. Kitu kingine ndicho tutakuja kuomba, kama mkutano utakubali: usafiri wa wazee wachache, watu wawili toka Mwange na wawili toka Kala, warudi kule na vijana, wakati miguu yao bado inajua njia. Waonyeshe mahali. Tutaomba ruhusa ya watu wa Zambia, tutaweka mawe hata madogo. Ile itagharimu, kuanzia viza mpaka petroli, na tutaileta na hesabu kamili.

Karani wa shirika atakuwa ku biro kila siku ya yenga kisha misa na ibada, saa nane mpaka saa kumi na moja. Wenye kuishi mbali, Kasungami na kule kwingine, tutawafikia nyumbani, tutaanza na wale wazee zaidi. Mama mwenye habari ya karti ya unga amekubali kuwa wa kwanza. Leteni pia majina ya watoto wachanga, hata wale waliokufa kabla ya kupewa jina, tutaandika “mtoto wa fulani.” Na kama mnajua mtu aliyezikwa kule asiye na ndugu hapa, jirani wa seksheni tu, mleteni naye.