Mfupa Ukishaunga: Maisha ya Majeruhi wa Mguu Baada ya Kutoka Hospitali



Mada niliyokabidhiwa ni hali ya maisha ya mtu baada ya kuvunjika mfupa, na kwa kuwa mifupa ya mtu mzima ni 206 nami nimepewa nusu saa, nitajifunga kwenye miwili tu, yaani mfupa wa paja na ule mkubwa wa muundi, ambayo ndiyo ajali za pikipiki huivunja sana katika barabara zetu, na ambayo wenyewe aghalabu ni vijana wenye kutegemewa na kaya nzima. Neno langu si refu. Nasema kwamba picha ya eksirei yenye kuonyesha mfupa umeunga haitoshi kuwa ushahidi wa kupona, na kwamba sisi tunaolifunga jalada la mgonjwa kwa kuitazama picha ile tunalifunga mapema mno, ilhali mambo yatakayoamua maisha yake ya miaka ishirini ijayo bado hayajaulizwa na mtu.

Waliotutangulia katika kazi hii hawakuwa na nafasi ya kuliuliza swali letu, kwa sababu lao lilikuwa zito zaidi. Hugh Owen Thomas, tabibu wa Liverpool aliyezaliwa mwaka 1834 katika ukoo wa waunga mifupa wa jadi wa Wales, ndiye aliyebuni gango la chuma ambalo hadi leo lina jina lake katika stoo za hospitali zetu. Naye alikwisha fariki tangu 1891 pale Robert Jones, aliyelelewa na kufunzwa kazi nyumbani kwake, alipolisambaza katika Vita Kuu ya Kwanza, na majeruhi wa paja, ambao hapo kabla wengi wao walikuwa wakifa njiani kwa kutokwa na damu na kwa mshituko, wakaanza kufika hospitali wakiwa hai. Mwaka 1939 Gerhard Küntscher, mpasuaji wa Kiel nchini Ujerumani, akapitisha msumari mrefu wa chuma ndani ya mfereji wa uboho wa paja, na mtu aliyekuwa alale miezi akaweza kusimama baada ya siku chache. Swali la kufa na kupona likaanza kuliachia nafasi swali la namna ya kuishi. Shirika la Afya Duniani nalo, ambalo katiba yake ilianza kufanya kazi mwaka 1948, likaieleza afya kuwa ni ukamilifu wa mwili, wa akili na wa maisha ya mtu miongoni mwa watu, wala si kukosa maradhi peke yake. Maelezo ambayo wengi wetu tuliyakariri chuoni na kuyaacha huko huko.

Sasa, mtu huupimaje ukamilifu huo? Kipimo kinachotumika sana katika tafiti za mifupa ni kile kiitwacho EQ-5D, kazi ya jopo la wataalamu la EuroQol lililoanza mwaka 1987, ambacho humwuliza mgonjwa juu ya mambo matano: kutembea kwake, kujihudumia mwenyewe, shughuli zake za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni, kisha humtaka aonyeshe, katika mstari uanziao sifuri na kuishia mia, siha yake ya siku ile iko wapi. Kimetafsiriwa kwa Kiswahili, ni kifupi, na hata muuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni aweza kukimaliza kwa dakika chache. Sina ugomvi nacho. Nina ugomvi na namna tunavyokitumia, kwani mtu aliyelelewa katika adabu zetu akiulizwa hali hujibu kwanza kuwa ni njema, amshukuru Mungu, na kumwuliza aliyemwuliza habari za nyumbani, ndipo baadaye, akishakaa na kuzoea, aseme kwamba usiku halali kwa maumivu na kwamba wiki mbili sasa hajatoka nje. Muuguzi mwenye haraka huwa amekwisha tia alama kwenye kisanduku cha kwanza na kumwita mwingine. Tena wako wanaoona kwamba kumlalamikia tabibu aliyewanusuru, hasa baada ya ajali iliyoua mwenzao, ni kukosa shukrani, na pengine ni kukufuru. Kwa hiyo ningependa maswali yale matano yafuatwe na jambo la kutenda, si la kusema.

Jambo hilo tayari lipo. Shirika la SIGN, lenye makao yake Richland katika jimbo la Washington, Marekani, lililoasisiwa mwaka 1999 na Dakta Lewis Zirkle, huzipa hospitali za nchi zenye kipato kidogo misumari ya kuungia mifupa ambayo mpasuaji aweza kuiingiza pasipo kuwa na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Wapasuaji wanaoitumia hutakiwa kupeleka habari za wagonjwa wao, na miongoni mwa habari hizo imo picha ya mgonjwa akiwa amechuchumaa na kutabasamu. Kwa mara ya kwanza mtu huweza kuliona hilo kuwa ni mchezo. Ukilifikiri, utaona kwamba kuchuchumaa kunataka nyonga, goti na kifundo vikunjike vyote, msuli wa paja uwe na nguvu, na mfupa uweze kuubeba mzigo bila maumivu; na tabasamu, ingawa laweza kughushiwa, ni vigumu kulighushi ukiwa umeukunja mguu ambao haujaunga.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa kuwa goti ndilo lililonyimwa haki yake. Goti zima hukunjika kiasi cha nyuzi 135 au zaidi. Kutembea kwenye uwanda hakutaki zaidi ya nyuzi 60 na kitu, na kuinuka kitini hutaka 90 na ushei. Basi mtu ambaye goti lake hukomea nyuzi 100 huandikwa katika vitabu kuwa amepata matokeo mema, na katika nchi ambako watu hukaa vitini tangu chumba cha kulia hadi chooni, hayo ni kweli. Lakini mchukue mtu huyo umrudishe Mkuranga au Pemba. Choo cha shimo hakimsubiri. Mwanamke hawezi kuikalia mbuzi akakuna nazi, wala kuinamia beseni la nguo, wala kupalilia safu moja ya muhogo. Mwanamume akienda matangani huletewa kiti peke yake hali wenzake wote wako jamvini. Na msikitini, ingawa sharia imemruhusu mwenye udhuru kusali amekaa, si jambo dogo kwa kijana wa miaka 27 kukaa kitini miongoni mwa wazee kwa sababu hawezi kuikunja miguu katika sijida na tahiyatu. Hakuna hata moja katika mambo haya linaloonekana kwenye eksirei, na hakuna hata moja ambalo kipimo cha nyuzi 100 kitalitaja.

Goti huganda kwa sababu zinazojulikana. Paja lililofungwa wiki 6 hadi 12, kwa plasta au kwa mguu kuvutwa kwa mawe kitandani, msuli wake wa mbele hukonda na kushikamana na mfupa mpya, na ukishashikamana si rahisi kuubandua. Hata kwa njia hiyo ya kuvutwa madhara yangeweza kupunguzwa: George Perkins, Mwingereza, alifundisha kwamba mgonjwa aanze kulikunja goti akiwa angali kitandani na mawe yake, jambo lisilohitaji mtambo wowote, ila muuguzi wa kumsimamia na kitanda chenye sehemu ya kuondolewa chini ya miguu. Mbona hatufanyi? Nadhani ni kwa kuwa mgonjwa anayevutwa huonekana kana kwamba matibabu yake yanajiendesha yenyewe, na jicho la wodi huenda kwa wale waliotoka chumba cha upasuaji.

Nisije nikadhaniwa kuwa nasema upasuaji humaliza kila kitu. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, ulifanywa utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambamo majeruhi 240 waliovunjika muundi kwa jeraha la wazi waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakatiwa msumari ndani ya mfupa, wengine wakafungwa vyuma vya nje, vile ambavyo mitaani huitwa antena. Baada ya mwaka mmoja, vifo na haja ya kupasuliwa tena havikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa baina ya makundi mawili, ingawa wenye vyuma vya nje mifupa yao ilielekea zaidi kuunga kombo. Na kwa upande wa hali ya maisha, wenye msumari walikuwa bora katika wiki ya 6, kisha tofauti hiyo ikafifia mpaka mwaka ulipotimia. Msomaji wa haraka atasema, basi ni mamoja. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu najua majuma ya mwanzo hugharimu nini katika nyumba ya mtu asiye na mshahara.

Kijana wa bodaboda mara nyingi chombo si chake. Amekichukua kwa mkataba, humpelekea mwenye mali hesabu kila siku, na siku za mkataba zikitimia ndipo kiwe chake. Akivunjika mguu hesabu hukatika, pikipiki hupewa mwingine, na fedha alizokwisha kulipa hupotea pamoja nayo. Mkewe, au mama yake, huacha genge la mboga ili aje kumuuguza, na mtaji wa genge hilo huliwa kwa nauli na dawa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya 2008, humsaidia mwajiriwa aliyeumia kazini. Lakini huyu hana mwajiri anayemchangia, naye hujikuta nje ya mlango ule. Hivyo mtu aweza kuunga mfupa katika mwezi wa tano na asiirudie hali yake ya zamani hata mwaka wa tatu, si kwa udhaifu wa mguu, bali kwa kuwa ngazi aliyokuwa akiipanda imeondolewa. Wiki sita za nafuu mapema, kwa mtu wa namna hii, zaweza kuwa ndizo zilizobakiza mtaji.

Yako pia mambo yasemwayo kwa sauti ya chini. Mwanamume aliyevunjika paja huweza kukaa miezi mingi bila kukutana na mkewe, kwa maumivu au kwa hofu ya kukiharibu chuma, na hakuna tabibu aliyemwambia lini ni salama. Wengine huamini kwamba chuma hicho lazima kitolewe wasije wakafa nacho, nao hukusanya fedha za upasuaji wa pili ambao kwa mtu mzima asiyesumbuliwa nacho hauhitajiki. Maneno mawili siku ya kuruhusiwa yangewaepusha na hayo yote.

Kuhusu mganga wa kuunga mifupa wa kijijini, mwenye mabanzi yake na mafuta yake, nitasema kwa ufupi kwamba kumtukana hakutusaidii. Jeraha la wazi si la kupitia kwake, na kufunga kwa kukaza kupita kiasi kumewakosesha watu miguu. Lakini yeye humjia mgonjwa nyumbani, humkanda, humwuliza usiku amelalaje, na hurudi kesho. Huo ufuatiliaji ndio tulioukosa sisi. Na wazee, hasa bibi zetu waliodondoka bafuni wakavunjika nyonga, wanastahili mada yao peke yao, kwani kwao, hata katika nchi zenye hospitali tele, hatari ya kufa ndani ya mwaka ule ni kubwa.

Ninachoomba semina hii ikizungumze ni kidogo na kina bei nafuu: kwamba kila aliyevunjika paja au muundi aitwe tena katika mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, aulizwe yale matano kwa utaratibu, achuchumae mbele yetu, na aandikwe kama amerudi kazini na ni kazi gani, na kwamba mtaalamu wa mazoezi ya viungo amwone kabla hajatoka wodini, si baada ya goti kuganda. Wengi watasema wagonjwa hawarudi, na simu zao hazipatikani. Ni kweli, maana simu aghalabu ni kitu cha kwanza kuuzwa nyumba ikiingia katika dhiki. Kwa hiyo kwenye kadi tuandike pia namba ya jirani mmoja, ya jamaa asiyekaa nyumba moja naye, na jina la mjumbe wa mtaa wake, na tuziandike siku ya kulazwa, wakati ndugu wote wangali wamejaa pale kitandani.