Kipimo Tunachojipimia Kazini



Wakati wa jubilei watu huhesabu makanisa yaliyojengwa, maparokia yaliyofunguliwa na watoto waliopita shuleni, na hesabu hiyo ni njema. Sisi tumeombwa kusema habari ya kazi. Basi tumeona vema tunene juu ya jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni kipimo ambacho kila mtu hujipimia moyoni mwake, na jinsi kipimo hicho kinavyoiongoza mikono yake.

Tuanze na habari yetu wenyewe. Tulipokuwa vijana, tukifundisha katika shule moja ambayo hatutaitaja, alikuja mkaguzi. Akakaa nyuma ya darasa, akasikiliza, akaandika. Jioni tuliitwa kusomewa maneno yake. Mambo matatu aliyasifu. La nne alisema kwamba maandishi yetu ubaoni ni madogo mno, watoto wa nyuma hawayaoni. Ndugu, yale matatu hayakuingia masikioni mwetu. La nne liliingia, likakaa. Tukajisemea moyoni, "Ameona kwamba sisi si walimu." Tangu siku ile hatukumwamkia mtu yule kwa moyo mweupe, wala hatukujitolea kwa kazi yoyote ya shule. Watoto waliposhindwa mtihani tulisema, "Hawa ni watoto wa wakulima, utawafanya nini?" Nasi wenyewe tu watoto wa wakulima!

Mwenzetu mmoja aliambiwa neno lilo hilo siku ile ile. Kesho yake, saa ya mapumziko, alimwita mtoto wa kiti cha nyuma, akaandika mstari ubaoni, akamwuliza, "Wasoma?" Mtoto akajibu, "Hapana, Mwalimu." Akafuta, akaandika kwa herufi kubwa zaidi. "Na sasa?" "Sasa nasoma, Mwalimu." Akajipangusa chaki, akaenda kunywa uji. Mkaguzi alikuwa mmoja, neno moja, na mshahara wetu sawa. Lakini kazi zilizotoka katika neno lile zilikuwa mbili.

Tofauti hiyo ilitoka wapi? Wenye elimu ya nafsi wameichunguza. Mwaka 1997 Timothy Judge na wenzake wa Marekani walieleza kwamba chini ya mwenendo wa mtu kazini mna hukumu anayojihukumu mwenyewe, nayo ina matawi manne. La kwanza ni thamani anayojiona kuwa nayo. La pili ni kuamini kwamba aweza kutenda. La tatu ni kuamini kwamba mambo yake hutegemea juhudi yake zaidi ya bahati au mkono wa watu wengine. La nne ni utulivu wa moyo, yaani kutotikiswa upesi na hofu na mashaka. Mwaka 2001 Judge na Joyce Bono walikusanya uchunguzi wa watu wengi, wakaona kwamba wenye nguvu katika matawi hayo, kwa kawaida, huridhika zaidi na kazi yao, tena huitenda vizuri zaidi. Walakini uhusiano huo ni wa kiasi tu, wala si sheria ya kumhukumia mtu mmoja mmoja.

Tukiyasoma hayo twajiona kama katika kioo. Ajionaye duni huona kila onyo kuwa tusi. Huficha kosa, maana kwake kosa si jambo alilolitenda, bali ni jina lake. Hukataa kazi mpya asije akaaibika, kisha watu humwita mvivu. Tena huwalaumu walio chini yake, kama tulivyowalaumu sisi wale watoto.

Lakini msidhani kwamba twasifu majivuno. Mizani iliyoharibika hudanganya pande zote mbili. Ajivunaye naye haonyeki, kwa kuwa haoni la kuonywa. Yule mwenzetu hakusema, "Mimi ni mwalimu hodari." Alisema, "Herufi ni ndogo," akazikuza.

Baadaye tulipewa kazi ya kuwaangalia wengine, na hapo kosa letu lilikuwa kubwa zaidi. Palikuwa na katekista kijana wa kigango cha mbali, ambaye katika mikutano aliketi karibu na mlango, wala hakusema neno. Tuliandika juu yake neno moja, "Mvivu," na kwa neno hilo akapitwa na kozi ambayo wenzake walikwenda. Siku moja mvua ilituzuia nyumbani kwake. Tuliona mezani daftari la watoto wa mafundisho. Kila mtoto ameandikwa kwa mwandiko safi, na kila siku asipofika imeandikwa sababu: mto umejaa, mama mgonjwa, alichunga ng'ombe. Hatujapata kuona daftari kama lile. Tukamwuliza, "Mbona hukutuonyesha?" Akainamisha macho, akasema, "Samahani, Mwalimu. Mimi sikusoma sana. Nilidhani mtacheka."

Neno hilo lilituchoma, maana tulimjua mtu huyo. Ndiye sisi wa zamani. Tukamwomba awafundishe makatekista wanne wa jirani namna ya kutunza daftari. Siku ya kwanza sauti yake haikufika benchi la pili. Siku ya tatu alikuwa akimsahihisha mzee mmoja, kwa heshima, lakini bila woga. Albert Bandura, aliyeandika juu ya mambo haya mwaka 1977, alionyesha kwamba hakuna kinachomtia mtu imani ya kuweza kuliko kutenda kweli na kufaulu. Maneno ya kutia moyo peke yake hayana nguvu hiyo. Kijana yule aliinuka. Lakini kozi ile ilikwisha kupita, na kosa hilo ni letu.

Walimu, tumkumbuke Adrien Atiman wa Karema. Alizaliwa katika nchi ambayo leo yaitwa Mali, akaibwa angali mtoto, akauzwa utumwani, kisha akakombolewa na wamisionari. Walimsomesha utabibu huko Malta, naye akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880, muda mfupi baada ya Mapadre Weupe kufungua misioni hapo mwaka 1885. Akawa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956, zaidi ya miaka 60. Hatudai kuuona moyo wake. Ila twaona jambo hili: mtoto aliyekwisha kutiwa bei sokoni alipewa elimu, kisha akakabidhiwa wagonjwa. Kumkabidhi mtu kazi ya kweli ni kumwambia thamani yake kwa sauti kuliko sifa zote.

Kwa hiyo, ninyi mlio na watu chini yenu, msimwambie mtu, "Jiamini," halafu mkamnyima kazi, au ujira, au haki yake. Mfanyakazi asiyelipwa akinung'unika, ugonjwa haumo katika nafsi yake. Mkionya, onyeni tendo, msionye mtu. Na mkisifu, tajeni lililo jema hasa, apate kulirudia. Nanyi mnaoonywa, kabla ya kukasirika, mwiteni kwanza mtoto wa kiti cha nyuma, mkamwulize kama asoma.

Wazee wetu wa Ufipa walijua kulima kwa intumba. Mvua zikielekea mwisho walikusanya majani, wakayafunika kwa udongo, wakafanya vilima vya duara. Mgeni angesema majani yamepotea. Lakini yaliozea humo, na msimu uliofuata vilima vilitandazwa, ukapandwa ulezi, nao ukastawi kwa majani yale yale. Kosa lililokiriwa ni kama hayo majani ya intumba. Lililofichwa ni majani yaliyoachwa juu ya ardhi, upepo huyapeperusha na shamba halifaidi kitu.

Sisi tumeyaleta yetu mawili mbele yenu leo. Kila mmoja na arudi kazini kwake na yake.